Visiki vya Lubumbashi: mpango wa msitu unaohesabu miche na kusahau moto

Tarehe 5 Desemba ni siku ya taifa ya mti nchini Kongo. Pembeni ya Lubumbashi, kama kwingine, siku hiyo majembe yanatoka, miche inashushwa kwenye gari ikiwa bado ndani ya vifuko vyake vya plastiki, wakubwa wanapanda mti mmoja mmoja na picha zinapigwa. Wakati wenyewe si mbaya. Mvua imeanza tangu Novemba na udongo umelowa. Taabu iko mbele. Mche wa Desemba una miezi minne au mitano ya kunywa maji; Mei nyasi zinaanza kukauka; Agosti moto unapita. Mche wa sentimita 40 hauna gome la kuhimili moto wala mzizi wa kuurudisha juu. Ukipita tena Septemba unakuta vijiti vyeusi vimesimama kwa mistari, mita 3 kwa mita 3, vyote 1,111 kwa hekta kama karatasi ilivyotaka.

Hatua hamsini kutoka hapo kuna pori lililokatwa kwa ajili ya makala, yaani mkaa. Moto ule ule umepita. Lakini kisiki cha mutondo, mmoja wa miti mikuu ya pori hili, cheusi hadi chini, kimeshatoa machipukizi kumi na mawili yenye majani mekundu kama shaba, na mvua bado iko mbali wiki sita. Hakuna aliyekipanda, hakuna aliyekipiga picha, na hakimo kwenye hesabu ya mpango wowote.

Kisa tunachokichambua hapa ni hicho: eneo linaloilisha Lubumbashi makala lina mbegu, mizizi na visiki vya kutosha kurudisha msitu wake wenyewe, na sheria ya kulilinda ipo tangu zaidi ya miaka kumi; mbona msitu haurudi?

Mji na mbabula zake

Lubumbashi ilizaliwa 1910 kwa sababu ya shaba. Leo ina watu zaidi ya milioni mbili. Umeme wa mabwawa ya Nseke, Nzilo, Mwadingusha na Koni, pamoja na ule unaotoka bwawa la Inga kwa laini ndefu ya Kolwezi, unagombaniwa na migodi, na nyumba nyingi za mitaa ya Katuba, Kenya au Ruashi zinangoja kilichobaki. Umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, bukari (ugali) haingoji. Mbabula, jiko la makala, inawashwa.

Picha za setilaiti zinaeleza kilichofuata. Mwaka 1990 msitu ulifunika karibu 78% ya eneo linaloupatia mji makala. Mwaka 2022 ulikuwa umebaki karibu 40%. Mahali pake pamechukuliwa na mbuga za nyasi, mashamba, nyumba na ardhi tupu. Hilo la mbuga za nyasi lishike vizuri, tutalirudia: shamba ni uamuzi wa mtu, lakini nyasi mahali palipokuwa na miombo, pori la miti la ukanda huu, ni alama ya moto.

Sasa tufanye hesabu ambayo mipango mingi inaikwepa. Hizi ni namba za makadirio, za kupimia ukubwa wa kazi, si sensa. Chukua nyumba 300,000, kila moja ikimaliza gunia la kilo 50 kwa mwezi. Hizo ni kilo 600 kwa mwaka kwa nyumba, tani 180,000 kwa mji. Hekta moja ya miombo uliokomaa, ukiacha miti ya matunda, ya mbao na ile isiyochomeka vizuri, tuseme inatoa tani 60 za kuni kavu. Tanuru la udongo la kawaida linageuza kuni kavu kuwa makala kwa kiasi cha 10 hadi 20%, tuchukue 15. Hekta moja ni tani 9. Mji kwa hiyo unahitaji hekta 20,000 kila mwaka. Ikiwa pori linahitaji miaka 25 kabla ya kukatwa tena, zinatakiwa hekta 500,000 zinazozunguka kwa zamu, na ukiongeza vyanzo vya maji, makaburi na vilima vya mawe visivyoguswa, unakaribia 600,000.

Linganisha na kupanda. Hekta 20,000 kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ni miche zaidi ya milioni 22 kwa mwaka, bila kuhesabu ya kuziba mapengo. Hakuna kitalu cha mkoa kinachoweza kutoa hata sehemu ndogo ya hiyo. Ndiyo sababu mpango wowote wa kurudisha msitu wa Haut-Katanga, mkoa wa Lubumbashi, ambao nguzo yake ni kupanda umeshindwa hata kabla ya mche wa kwanza kutolewa kwenye kifuko. Kupanda kuna mahali pake, lakini ni mahali padogo.

Kisiki kinavyofanya kazi

Miti mikuu ya miombo, muputu, mutondo, mutobo na ndugu zao, haikui kama mikaratusi. Maganda yake yanapasuka kwenye kiangazi na kurusha mbegu, na mbegu hizo hazikai: zikipitisha msimu ghalani nyingi hazioti tena. Mche unaochipua porini unatumia miaka ya mwanzo kujenga mzizi. Juu unaona majani manne, kidole kimoja au viwili kwa urefu, vinakauka kila kiangazi na kurudi kila mvua, wakati chini mzizi mkuu unazidi kuteremka. Mtu wa kitalu anauona kama mche uliodumaa. Zaidi ya hayo miti hii inaishi kwa ushirika na uyoga wa ardhini, ule ule ambao akina mama wanaokota na kuuza barabarani wakati wa mvua. Mche uliooteshwa kwenye udongo usio na uyoga huo unakaa wa manjano. Anayetaka kuotesha mutondo achanganye udongo uliochotwa chini ya mutondo mzima, la sivyo anapoteza mwaka.

Kisiki kina hayo yote tayari. Mzizi wa miaka arobaini uko chini na akiba yake ya chakula, uyoga umeushika, na macho yaliyolala chini ya gome yanaamka mara shina linapoondoka. Mizizi iliyo karibu na uso wa udongo nayo inatoa vijana mbali kidogo na kisiki. Msimu wa kwanza unahesabu machipukizi kumi, kumi na tano. Yanashindana yenyewe kwa yenyewe na mengi yanakufa. Mwenye subira anaweza kuyapunguza mwaka wa pili au wa tatu na kubakiza mawili au matatu yaliyonyooka, lakini hata asipofanya hivyo pori linajipanga.

Kinachoua kisiki ni mambo machache, na yote yanazuilika:

Kwanza ni ukataji wenyewe. Kisiki kilichokatwa chini ya goti, kwa mteremko ili maji ya mvua yasikae juu yake, gome likiwa limeshikamana, kinachipua vizuri. Shoka butu linachana gome mpaka mizizini na kuingiza uozo.

Pili ni tanuru. Chini ya tanuru udongo unaiva kama tofali, na visiki vilivyofunikwa humo havirudi. Doa hilo linabaki tupu miaka mingi. Mchoma makala akiulizwa kwa nini amejenga tanuru jipya mita ishirini kutoka la zamani, jibu lake ni la haki: kubeba magogo kunachosha. Lakini mabonge ya udongo ya kufunikia nayo yanachimbwa kuzunguka tanuru, na hapo mizizi ya visiki vya jirani inakatwa. Kutumia doa la zamani, hata kwa kusogeza magogo mbali zaidi, kunaokoa ardhi kuliko mafunzo yoyote ya semina.

Tatu, trekta. Mkulima wa jembe la mkono akifuata nyuma ya mchoma makala analima katikati ya visiki na kuvipogoa. Baada ya miaka mitatu au minne ya mahindi na mihogo anaondoka, na pori linarudi. Trekta linang'oa. Palipopita plau ya diski hakuna msitu tena, kuna shamba, na shamba likiachwa linageuka nyasi.

Nne ni moto, na huu unastahili sehemu yake.

Tarehe ya moto

Ng'ambo ya mpaka, karibu na Ndola nchini Zambia, vipande vya miombo viliwekwa kwenye majaribio ya moto tangu 1933. Kimoja kililindwa moto usiingie kabisa. Kingine kilichomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi. Cha tatu kilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Kilicholindwa kilifunga na kuwa kichaka kizito chenye miti ya majani mabichi mwaka mzima. Kilichochomwa mapema kilibaki miombo. Kilichochomwa kwa kuchelewa kilipoteza miti yake na kuwa nyasi. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile. Tofauti ni tarehe.

Lubumbashi iko kwenye aina hiyo hiyo ya pori na hali ya hewa: mvua karibu milimita 1,200 kwa mwaka, nyingi kati ya Novemba na Machi, kisha kiangazi cha Mei hadi Septemba. Mei na mwanzo wa Juni nyasi zimekauka nusu, shina la chini bado kijani, usiku kuna baridi na umande. Ukiwasha saa kumi jioni, moto unatembea taratibu, ndimi hazipiti magoti, na usiku unajizima wenyewe. Unaacha madoa madoa ambayo hayakuungua. Chipukizi la mita moja linachomwa majani tu.

Moto wa Agosti na Septemba ni kitu kingine. Nyasi zimekauka hadi mzizini, upepo umeamka, jua la mchana limeondoa unyevu wote. Moto unapanda juu ya kimo cha mtu. Na hapo hapo, Septemba, miti ya miombo inatoa majani mapya kabla ya mvua kwa akiba iliyobaki kwenye mizizi. Moto ukiyachoma, mti unalazimika kutoa mengine kwa akiba ile ile. Mwaka mmoja unavumilika. Mwaka wa tatu mfululizo kisiki kinatoa vijiti vyembamba kama penseli. Mwaka wa sita au wa saba hakitoi kitu. Nyasi sasa zina jua lote, zinakuwa ndefu zaidi, zinaleta moto mkali zaidi, na pori halitoki tena kwenye mzunguko huo mpaka mtu auvunje.

Nani anawasha? Mwindaji wa panya na sungura, mfugaji anayetaka majani mapya, mkulima anayesafisha shamba bila ukanda wa kinga, mchoma makala aliyeacha tanuru likiwa na moto, mtoto. Kuorodhesha wahalifu hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kuwatangulia: nyasi zilizochomwa Mei haziwezi kuchomwa tena Agosti.

Kuna wanaopendekeza moto upigwe marufuku kabisa, na maneno hayo yanapendeza kwenye hati. Porini yanaleta hatari. Kipande kilicholindwa miaka minne kimejaza nyasi kavu, majani na matawi. Moto mmoja ukipenya mwaka wa tano unaua hata miti mikubwa. Marufuku inawezekana palipo na walinzi, mipaka iliyofyekwa kila mwaka na eneo dogo, kama hekta kadhaa kuzunguka chemchemi. Kwa mamia ya maelfu ya hekta, kalenda ni bora kuliko marufuku.

Kazi yenyewe ni hii. Mwisho wa Aprili, kufyeka ukanda wa mita 5 hadi 10 kuzunguka kipande kilichokatwa karibuni, na kuondoa nyasi zote hadi udongo uonekane, kwa sababu nyasi zilizolala ni utambi. Kipande cha mwaka wa kwanza na wa pili hakichomwi kabisa. Kuanzia nusu ya Mei, kuchoma nyasi zilizo nje ya ukanda huo, upande unaotoka upepo kwanza, watu sita hadi kumi wenye matawi mabichi na ndoo, kazi ianze jioni. Vipande vya mwaka wa tatu na kuendelea vinachomwa mapema kila mwaka wa pili, kwa madoa. Yote yakamilike kabla ya katikati ya Juni. Kijiji kinachosubiri posho ifike Julai kimechelewa; hapo ni heri kutochoma.

Kwenye karatasi, serikali imejiandaa

Haiwezi kusemwa kuwa Kongo haina mpango. Sheria ya misitu namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002 ilichukua nafasi ya dekreti ya kikoloni ya 1949 na kuigawa misitu katika mafungu matatu: iliyotengwa rasmi, inayolindwa, na ya uzalishaji wa kudumu. Kifungu chake cha 22 kinaipa jamii ya mahali haki ya kupata, bila kulipa, konsesyo, yaani haki ya kuusimamia na kuutumia, kwenye msitu inaoumiliki kwa mila. Sheria ya mazingira namba 11/009 ilifuata tarehe 9 Julai 2011. Mkakati wa taifa wa 2012 ulijiwekea shabaha ya kuushikilia msitu kwenye 63.5% ya nchi kuanzia 2030. Mwaka 2014 nchi iliahidi mbele ya dunia kurudisha hekta milioni 8. Baadaye ukaja mradi wa bustani za shule wa miti bilioni moja hadi 2023.

Namba zote hizo zina kasoro moja: zinapimwa kwa hekta za nchi nzima au kwa miche, wala si kwa kipande cha pori chenye jina na mwenyewe. Asilimia 63.5 ya Kongo inaweza kutimia kwa msitu mkubwa wa mikoa ya Tshopo na Équateur huku miombo ya Haut-Katanga ikiisha hadi kisiki cha mwisho. Miti bilioni moja inaweza kupandwa yote na kuungua yote, na ripoti ikabaki sahihi.

Chombo kinachofaa kipo, ingawa ni kidogo na hakina sauti. Dekreti namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kupewa msitu wake hadi hekta 50,000, kwa muda usio na mwisho. Arete (agizo la waziri) namba 025 ya Februari 2016 inaeleza usimamizi: mkutano wa jamii nzima, kamati ya uongozi, kamati ya udhibiti na ufuatiliaji, na baraza la wazee, halafu mpango mwepesi wa usimamizi unaosema wapi patakatwa, lini, na wapi hapaguswi. Gavana wa mkoa ndiye anayetia sahihi. Haut-Katanga tayari una misitu ya jamii ya namna hii katika miombo, kwa hiyo njia imeshakanyagwa.

Neno linalobeba uzito hapo ni "usio na mwisho". Pori la miaka 25 haliwezi kutunzwa na mtu ambaye kibali chake kinaisha mwakani. Kibali cha kukata kuni kinachotaja kiasi tu, bila kutaja kipande, kinamfundisha mwenye nacho jambo moja: ukate haraka kabla ya mwenzako. Na muhula wa gavana ni mfupi kuliko umri wa chipukizi kufikia unene wa mkono. Katanga lenyewe lilikatwa mikoa minne mwaka 2015, katikati ya mipango iliyokuwa imeandikwa kwa mkoa mmoja. Serikali zinabadilika, kijiji kinabaki pale pale.

Kijiji cha mfano: hekta 3,000

Tuchore kijiji kimoja cha mfano kwenye teritwari (wilaya) ya Kipushi, chenye hekta 3,000 za pori. Kazi ya mwaka wa kwanza ni mipaka, na hapa ndipo faili nyingi zinakwama miaka. Wazee wa kijiji na wa vijiji vyote jirani wanatembea mpaka kwa miguu, GPS mkononi, kichuguu kwa kichuguu, kijito kwa kijito. Vichuguu vikubwa vya Katanga ni alama nzuri sana. Havihami na kila mtu anavijua. Pasipokubaliwa panaachwa nje ya ramani kwa sasa, maana mgogoro wa hekta 40 unaweza kuizuia sahihi ya hekta 3,000. Orodha ya familia na koo zenye haki inaandikwa na kusomwa hadharani. Faili inapita kwa mkuu wa teritwari kwenda kwa gavana. Kabla ya hapo, ramani ilinganishwe na ile ya vibali vya madini. Ukikuta kibali cha utafiti kimelala juu ya nusu ya pori, ni bora kujua sasa kuliko siku ya mitambo.

Kati ya hekta 3,000, 500 zinatengwa: mita 50 kila upande wa kijito, chemchemi, makaburi, vilima. Zinabaki 2,500. Kwa mzunguko wa miaka 25, kipande cha mwaka ni hekta 100. Kwa hesabu ile ya mwanzo, hekta 100 zinatoa tani 900, yaani magunia 18,000, yanayotosha nyumba 1,500 za mjini. Vijiji 200 vya namna hii ndivyo vingebeba mji mzima.

Ndani ya kipande, masuku na mupundu haikatwi; ni matunda ya watoto na fedha za akina mama. Mukula haikatwi kabisa, baada ya wizi uliopitisha magogo yake mekundu mpakani. Miti mikubwa minene, kumi hadi kumi na tano kwa hekta, inaachwa kwa mbegu.

Kisha tanuru, maana kila gunia linalopatikana bila kukata mti ni hekta iliyookolewa. Kutoka 15% kwenda 20% kunageuza tani 900 kuwa 1,200 kwa miti ile ile, na hakuhitaji chuma wala bomba la mradi. Magogo yakauke angalau mwezi mmoja. Gogo bichi linatumia sehemu yake lenyewe kuchemsha maji yake. Chini yalazwe magogo ya kupitisha hewa, manene yawekwe katikati, mapengo yajazwe vijiti. Juu yake nyasi mbichi, kisha udongo usiopungua unene wa shibiri moja. Moshi mweupe mzito ni maji yanayotoka, usiguse. Ukigeuka wa samawati na mwembamba, makala yenyewe yanaanza kuungua: ziba tundu hilo kwa udongo, fungua lingine mbele. Usiku ndio hatari. Udongo ukididimia na kupasuka saa nane usiku bila mtu, asubuhi unakuta majivu. Wanaopata 20% wanalala kando ya tanuru kwa zamu, na siri yao haizidi hapo.

Panapovunjika

Pa kwanza ni bei. Gunia la msitu wa jamii limebeba gharama ya ukanda wa moto, ya zamu na ya kamati. Linafika soko la mtaa wa Kenya likiwa pamoja na gunia lililokatwa popote, na mnunuzi haoni tofauti. Njiani yote mawili yamelipishwa kwenye vizuizi vile vile vya barabara. Kama mkoa unataka mpango uishi, njia rahisi ni kumsamehe ushuru mwenye gunia lenye hati ya kipande, na kumtoza mwingine. Hilo halihitaji sheria mpya ya bunge. Linahitaji orodha ya vipande kwenye vizuizi vya barabara za Kasenga, Likasi na Kasumbalesa, na mtu wa kuisoma.

Pa pili ni mipango inayokanyagana. Enzi za Katanga moja, kampuni za madini ziliamriwa kulima hekta 500 za mahindi kila moja ili mji usitegemee unga wa Zambia. Shabaha ilieleweka, njaa ni njaa. Lakini hekta 500 za trekta ni hekta 500 za visiki vilivyong'olewa, na ofisi ya kilimo na ofisi ya mazingira kila moja iliandika mafanikio yake. Ardhi ya mahindi lazima ichorwe kwanza, kwenye mbuga zilizokwisha kupoteza miti, kabla ya kuchora ya msitu.

Pa tatu ni kunakili. Mampu, kwenye uwanda wa Bateke, hekta 8,000 za akasia zilipandwa na kugawiwa familia karibu 320, hekta 25 kila moja, kwa makala ya Kinshasa. Ni kazi inayoheshimika, na kila kikao Lubumbashi kinaitaja. Lakini Bateke ni mchanga wa nyasi usio na visiki. Kupanda kulikuwa njia pekee. Kiangazi chake pia ni kifupi kuliko chetu. Kuzunguka Lubumbashi akasia inafaa palipokufa visiki: mashamba ya trekta yaliyoachwa, kando ya barabara. Kung'oa visiki hai ili kupanda akasia, jambo linalofanyika, ni kulipa fedha ili kubadilisha msitu wa bure kwa shamba la kununua, na kupoteza viwavi vya kula, uyoga na asali juu yake.

Mwisho kabisa kuna swali la nani anapima. Ripoti za sasa zinafungwa Desemba, miche ikiwa kijani. Wakati wa kupima ni wiki ya pili ya Septemba, moto ukiwa umepita na majani mekundu yametoka. Vipimwe viwanja vya mita 20 kwa 50, kumi kwa kila kipande cha mwaka, mahali pake pakichaguliwa kwenye ramani kabla ya kufika porini ili mtu asichague pazuri. Kwa kila kisiki andika mambo matatu tu: kiko hai au kimekufa, chipukizi refu lina sentimita ngapi, na lina alama ya moto wa mwaka huu au halina. Watu wanne wanamaliza hekta moja kwa siku. Kijiji kinalipwa kwa kisiki hai, mwaka wa kwanza, wa tatu, wa tano na wa nane, kwenye viwanja vile vile.